Msomaji Asiyelala na Makosa Yake

Tunakuomba radhi, ndugu msomaji, kwamba makala yetu ya leo inaanzia nyumbani kwetu, mezani, penye birika la chai na daftari la mtoto.

Usiku wa kuamkia Ijumaa moja ya mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, binti wa ndugu yetu mwenye umri wa miaka 13 alikuwa akifanya kazi aliyopewa madrasa. Maalim wake aliwataka wanafunzi watafute Hadithi tatu zinazohusu haki za jirani, waziandike kwa Kiswahili safi, kisha wataje kitabu na namba ya kila moja. Zamani mtoto angemwendea babu yake, au angebisha hodi kwa jirani mwenye kabati la vitabu. Huyu aliiuliza simu, nayo ikamjibu kabla chai haijapoa.

Hadithi mbili za kwanza tulizifahamu. Ya tatu ilikuwa na Kiswahili kizuri mno, laini, chenye mizani, na chini yake ilitajwa Sahihi ya Bukhari pamoja na namba yake. Hatukuwahi kuisikia. Hata hivyo tulinyamaza, kwani si kila tusilolisikia halipo, na elimu yetu ni ndogo.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tulimfuata maalim pamoja na binti. Maalim alifungua juzuu, akaitafuta namba, akaikuta. Lakini mapokezi yaliyokuwapo pale yalihusu udhu, si jirani. Akapekua milango ya adabu na ya ujirani, akafungua kitabu cha pili na cha tatu, hakuiona. Hakukasirika. Alimuuliza binti swali moja tu: "Hii umeipokea kwa nani?"

"Kwa simu, maalim."

"Na simu imeipokea kwa nani?"

Binti akatutazama sisi. "Ami, kwani simu inasoma wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa pale msikitini. Tangu siku ile tumekuwa tukiisoma habari ya mashine hizi, na leo tunajaribu kulijibu swali lile, walau kwa kadiri ya ufahamu wetu.

Itatubidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1984, katika mji wa Austin, jimbo la Texas nchini Marekani, mtaalamu aitwaye Douglas Lenat na wenzake walianza kazi waliyoipa jina la Cyc. Nia yao ilikuwa kuipa kompyuta ule ujuzi wa kawaida ambao hakuna mtu anayehangaika kuuandika kwa sababu kila mtu anao: kwamba mama ni mkubwa kwa umri kuliko mtoto aliyemzaa, kwamba kikombe kikipinduliwa chai humwagika, kwamba aliyekufa haendi tena sokoni. Mambo ya namna hiyo waliyaandika kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa lugha ya kimantiki inayoeleweka na kompyuta. Miaka ikapita, ikawa miongo. Lenat alifariki mwaka 2023 na kazi ilikuwa bado haijaisha. Wala si ajabu: mambo ya dunia hayana mwisho, na mwandishi huchoka na huzeeka.

Hapo ndipo wengine walipojiuliza: ikiwa maarifa ya wanadamu yamekwisha kuandikwa kwa mamilioni ya kurasa katika mtandao wa intaneti, kwa nini tuyaandike upya? Kwa nini tusiifundishe kompyuta kusoma, kisha tuiache isome yenyewe?

Mmoja wa waliojiuliza hivyo ni Tom Mitchell, profesa wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilichoko Pittsburgh, mji ambao zamani ulisifika kwa viwanda vya chuma. Yeye na wanafunzi wake walitengeneza programu waliyoiita NELL, jina ambalo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mjifunza lugha asiyekoma. Januari 2010 waliiwasha, nayo ikaanza kusoma usiku na mchana, saa 24, pasipo kulala, pasipo kula, pasipo kuomba likizo ya sikukuu. Mbele yake iliwekewa hazina ya maandishi yaliyotolewa katika kurasa milioni 500 za mtandao.

Haikuanza mikono mitupu. Katika jaribio lao la kwanza walilolitangaza, walimu wake waliipa makundi 123 ya vitu, kama vile miji, makampuni, wanyama na wachezaji, na mahusiano 55 yanayoweza kuviunganisha vitu hivyo, kama vile mchezaji na timu yake. Kwa kila kundi waliipa mifano 10 hadi 15 tu. Mengine yote itafute yenyewe.

Na iliyatafuta namna gani? NELL ilisoma Kiingereza, lakini sisi tutatoa mifano ya Kiswahili ili wazazi na watoto tuende pamoja. Tuseme imeambiwa kwamba Tanga, Mombasa na Kigoma ni miji. Inakwenda katika maandishi na kuangalia majina hayo yamezungukwa na maneno gani. Inaona "meya wa Tanga", "meya wa Mombasa", "barabara iendayo Kigoma". Inajifunza kwamba jina linalofuata maneno "meya wa" aghalabu ni la mji. Kisha inageuka: inakamata kila "meya wa" inayokutana nayo na kusoma jina linalofuata. Hapo inapata Arusha, Kisumu, Bujumbura. Majina mapya yanaileta kwenye maneno mapya yanayoyazunguka, maneno mapya yanaileta kwenye majina mengine, na mwendo ni huo huo bila kikomo.

Msomaji mwerevu ameshaiona hatari. Barabara iendayo Kigoma ipo, lakini ipo pia barabara iendayo shambani, na barabara iendayo uwanja wa ndege. Kosa dogo likiingia leo, kesho linakuwa mwalimu. Mitchell na wenzake waliijua hatari hii, wakaiwekea mashine yao vizuizi. Waliiambia kwamba mji hauwezi kuwa mtu wala mnyama, hivyo jina lililokwisha kuwekwa katika kundi moja lisiruhusiwe kuingia katika kundi linalopingana nalo. Tena hawakuiachia njia moja tu ya kusoma. Sehemu moja ya programu ilisoma sentensi, nyingine ilisoma orodha na majedwali yaliyomo katika kurasa, ya tatu iliangalia umbo la neno lenyewe, na ya nne ilitunga kanuni kutokana na yale yaliyokwisha kujulikana: kama fulani huichezea timu fulani, na timu ile imo katika ligi fulani, basi huenda fulani anacheza katika ligi ile. Habari ikiletwa na njia moja tu, ilipaswa kuwa na uhakika mkubwa sana ndipo ikubaliwe. Ikiletwa na njia zaidi ya moja, ilikubaliwa hata kama uhakika wa kila moja ulikuwa mdogo.

Habari iliyokubaliwa wenyewe waliiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya imani. Kwetu sisi neno imani ni zito, hatuwezi kulitundika juu ya mashine, hivyo katika makala haya tutasema dhana.

Bila shaka aliyesoma madrasa ameshakumbuka jambo. Utaratibu huu wa kuipima habari kwa njia ilizopitia una ndugu yake mkubwa katika elimu ya Hadithi. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, sawa na mwaka 870 Miladia, na maulamaa wa fani yake hawakuridhika na kuuliza ni wangapi wamesema. Waliuliza ni nani aliyesema, alizaliwa lini, je, alipata kukutana na yule anayedai kumsikia, hifadhi yake ilikuwaje, na je, alipata kujulikana kwa uongo. Vitabu vikubwa viliandikwa vya habari za wapokezi tu. Mashine ya Pittsburgh haikuwa na kitabu cha wapokezi. Yenyewe ilihesabu. Na katika mtandao, kurasa kumi zilizonakili ukurasa mmoja zinaonekana mbele ya mwenye kuhesabu kama mashahidi kumi, ilhali shahidi ni mmoja, na pengine hata huyo mmoja hakuwapo.

Basi ikatokea kisa cha biskuti, ambacho mwezi Oktoba 2010 kilisimuliwa na gazeti la New York Times.

Kwa Kiingereza cha Marekani, biskuti na kile kifaili kidogo ambacho tovuti hukiacha ndani ya kompyuta ya mtu ili imtambue akirudi vina jina moja. Kiswahili kimevitenga: biskuti ni biskuti, na vifaili vile wataalamu wetu wameviita vidakuzi. Lakini NELL haikuwa ikisoma Kiswahili. Katika kundi la vitu vya kuokwa ilianza vizuri sana, ikajifunza mikate, keki na biskuti za kila aina. Siku moja ikakutana na biskuti za intaneti, yaani vidakuzi, ikaona hakuna cha kuuliza, biskuti ni biskuti, ikaviingiza jikoni. Ilikuwa imesoma sentensi ya mtu aliyesema kwamba amefuta biskuti zake za intaneti. Baadaye ikasoma ya mtu aliyesema amefuta mafaili yake. Ikakata shauri kwamba, ikiwa biskuti hufutwa na mafaili hufutwa, basi mafaili nayo huenda ni vitu vya kuokwa. Mitchell alilifananisha jambo hilo na maporomoko: kosa moja liliteremka na jingine, na yale mawili na mengine. Ilibidi yeye mwenyewe aingie, alifute kosa la kwanza, na kuyaanza upya masomo ya mashine yake juu ya mikate.

Tusiicheke sana. Hebu tuifikirie mashine inayojifunza kwa kusoma Kiswahili chetu, na tuiketishe jikoni mwa nyumba yoyote ya pwani wakati wa kupika wali wa nazi. Inasoma: "Mama amekalia mbuzi, anakuna nazi." Inasoma tena: "Meno ya mbuzi yameota kutu." Na mara ya tatu: "Mbuzi imelegea mguu, ipelekeni kwa seremala." Mtoto wa miaka minne anajua kwamba hapa haisemwi habari ya yule anayefugwa uani. Mashine, ambayo haijapata kukalia mbuzi wala kumchunga mbuzi, itaandika kwamba mnyama huyu hukaliwa na wanawake, ana meno ya chuma, na akiumia mguu tabibu wake ni seremala. Kesho ikisoma kwamba kitanda kimepelekwa kwa seremala, itakiandika kitanda katika kundi la mifugo.

Na hapa lugha yetu ina hazina ambayo Kiingereza hakina. Tunasema "mbuzi amevunjika mguu" kwa yule wa uani, na "mbuzi imevunjika mguu" kwa ile ya jikoni. Irabu moja, a au i, inatenganisha kiumbe na chombo. Mashine ikifundishwa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, irabu hiyo ni shahidi mwadilifu. Lakini ikilishwa Kiswahili cha ovyo, kile cha "mbuzi imekula majani" na "watoto imefika", shahidi huyo anapotea. Sisi wazee tunaowarekebisha watoto wakikosea upatanisho huambiwa tunasumbua. Tutaendelea kusumbua.

Turudi Pittsburgh, kwani kuna hesabu tunayotaka kila mzazi aione. Katika siku 67 za mwanzo, NELL ilikusanya dhana 242,453. Watafiti walizipima kwa kuchukua sampuli, wakakadiria kwamba asilimia 74 zilikuwa sahihi. Maana yake ni kwamba zaidi ya 60,000 zilikuwa na makosa. Lakini yaliyotushughulisha sisi ni yale waliyoyaona walipozigawa siku zile katika vipindi vitatu. Dhana zilizokubaliwa katika kipindi cha kwanza zilikuwa sahihi kwa asilimia 90. Za kipindi cha pili, asilimia 71. Za kipindi cha tatu, asilimia 57.

Mwanafunzi gani huyu ambaye kadiri anavyosoma ndivyo anavyokosea? Sababu zake zinaeleweka. Mambo mepesi husomwa mwanzo, magumu hubaki nyuma. Zaidi ya hayo, makosa ya kipindi cha kwanza yalikwisha kuwa walimu wa kipindi cha pili. Na katika programu ile ya mwanzo, dhana ikishakubaliwa haikuwa na njia ya kukataliwa tena. Mashine haikuweza kusema "nilikosea".

Kwa miezi sita ya mwanzo walimu wake waliiacha peke yake, makusudi, waone itafika wapi. Walipotazama, karibu robo tatu ya makundi yalikuwa yakienda vizuri sana na yaliyobaki yalikuwa yakichechemea. Ndipo walipoanza kuipitia kazi yake mara kwa mara, dakika chache kwa kila kundi, wakifuta kosa hapa na pale, kama maalim anayepita nyuma ya wanafunzi na kalamu nyekundu. Mashine iliendelea kusoma kwa miaka mingine mingi. Mwaka 2018 wenyewe waliandika kwamba ilikuwa na dhana milioni 120, kila moja ikiwa na alama ya kiasi cha uhakika wake. Mwaka huo huo usomaji wake ukasimama.

Ilikuwa na sifa moja ambayo tunaomba msomaji aikumbuke. Ukiikuta dhana yake yoyote, uliweza kuiuliza imeipata wapi, nayo ikakuonyesha ni njia ipi iliyoileta na kwa ushahidi gani. Sanadi yake ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwapo.

Mashine iliyomjibu binti yetu ni ya kizazi kingine. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Google walitangaza namna mpya ya kuijenga programu ya kusoma, na juu ya msingi huo zikajengwa mashine kubwa zinazozungumza na watu leo. Ile iitwayo GPT-3 ilitoka mwaka 2020, na ChatGPT, iliyozifikisha mashine hizi majumbani, ilifunguliwa kwa watu Novemba 2022. Nazo hujifunza kwa kusoma maandishi ya mtandao, tena mengi zaidi kuliko NELL, lakini haziandiki dhana moja moja kwenye kadi. Hupewa sentensi iliyokatwa na kutakiwa kulibashiri neno linalofuata. Zikikosea, namba zilizomo ndani yake husogezwa kidogo, na zoezi hurudiwa mara zisizohesabika. GPT-3 ilikuwa na namba hizo bilioni 175. Yote iliyoyasoma yameyeyuka ndani ya namba zile kama sukari ndani ya chai: utamu unauonja, lakini huwezi kuinyooshea kidole punje iliyoutia.

Sasa ndipo tunapoweza kulijibu swali la maalim. Simu haikuipokea Hadithi ile kwa yeyote. Ilikuwa imesoma tafsiri nyingi za Hadithi, ikajua namna zinavyoanza, namna zinavyopangwa, na kwamba mwishoni hutajwa kitabu na namba. Ilipoombwa ya tatu, ilitunga maneno yanayofanana na Hadithi, na namba inayofanana na namba. Haikukusudia kusema uongo, kwa sababu haina kusudio. Zipo siku hizi programu ambazo kabla ya kujibu hutafuta kwanza kwenye mtandao na kumwonyesha mtu kurasa zilikotoka habari, na hilo ni jambo jema, ila anayeonyeshwa ukurasa bado atatakiwa aufungue na ausome.

Wasahihishaji wapo pia katika mashine hizi mpya. Watu huajiriwa kuyasoma majibu yake na kusema lipi ni bora na lipi halifai. Baadhi ya kazi hizo zilifika hapa kwetu Afrika Mashariki. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wamelipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma na kuyatia alama maandishi machafu yaliyookotwa mtandaoni, ya ukatili na ya kudhalilisha watoto, ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Baadhi yao walieleza namna kazi ile ilivyowaumiza nafsi. Mtoto anapojibiwa kwa adabu na simu yake, sehemu ya adabu hiyo iligharimiwa na macho ya vijana hao, nasi tumeona si haki kuandika makala haya bila kuwataja.

Jambo jingine linalotugusa kwa karibu ni lugha yenyewe. Hazina kubwa ya kurasa za mtandao inayotumiwa sana kuzisomesha mashine hizi huitwa Common Crawl. Ndani yake Kiingereza peke yake huchukua zaidi ya asilimia 40. Kiswahili, lugha ya mamilioni kwa mamilioni ya watu kuanzia pwani hadi Kongo, lugha ambayo mwaka 2021 UNESCO iliitengea siku yake ya tarehe 7 Julai, hakifiki hata sehemu moja katika elfu. Na hicho kidogo kilichomo si chote kilichoandikwa na Mswahili. Kurasa nyingi zimefasiriwa na mashine kutoka Kiingereza, na mashine inayofuata inakuja kuzisoma ikidhani inajifunza Kiswahili.

Julai 2024 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mashine zinazofundishwa kwa maandishi ya mashine zilizotangulia, kizazi baada ya kizazi bila kuchujwa, hupoteza kwanza mambo ya nadra na hatimaye huharibika kabisa. Aliyeielewa hesabu ya 90, 71 na 57 hatashangaa. Na kwa lugha yenye maandishi machache mtandaoni, kitu cha nadra ni kingi: misamiati ya uvuvi, majina ya vyombo vya jikoni, istilahi za mirathi ya Kiislamu jinsi masheikh wetu wanavyozieleza kwa Kiswahili, tenzi zilizomo katika masanduku ya familia huko Lamu, Pemba na Tanga ambazo hazijapata kupigwa chapa. Mashine haiwezi kulisoma sanduku.

Si kwamba watu wamekaa tu. Vijana wa Kiafrika wanaojiita Masakhane, wengi wao wakijitolea, wamekuwa wakifanya kwa lugha zetu kazi ile ile ya kalamu nyekundu. Mwaka 2021 walitoa mkusanyiko wa habari za magazeti katika lugha 10 za Afrika, kikiwamo Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo, ambamo wajuzi wa kila lugha walisoma sentensi moja moja na kutia alama: hili ni jina la mtu, hili la mahali, hii ni taasisi, hii ni tarehe. Kazi hii haina sifa mbele ya watu. Lakini bila ya mtu aliyeketi na kuieleza mashine kwamba Juma anaweza kuwa jina la kijana na pia kuwa siku saba, itaendelea kumtafuta kijana ndani ya kalenda.

Tumeulizwa na baadhi ya wazazi kama watoto wanyang'anywe simu. Rai yetu ni kwamba swali la maalim linatosha kwa kuanzia, na liulizwe kwa upole ule ule alioutumia yeye: hii umeipokea kwa nani? Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo kuhusu Hadithi ataulizwa hivyo pia kuhusu tarehe ya historia, kipimo cha dawa, na uvumi wa mtaani. Tena mzazi asione haya kuulizwa naye. Sisi wenyewe binti alituuliza juzi tulikoipata habari moja ya bei ya sukari, tukajikuta hatukumbuki.

Kuhusu ile kazi ya madrasa, tulimwomba binti airudie simu na kuiambia kwamba namba iliyoitoa si sahihi. Ikaomba radhi kwa maneno mazuri sana, ikashukuru kwa kusahihishwa, ikatoa namba nyingine. Maalim akaifungua nayo. Ilikuwa habari ya mtu aliyeuza ngamia.

Basi wakaketi wawili, maalim na binti, wakaupekua mlango wa adabu ukurasa kwa ukurasa hadi ikaadhiniwa Alasiri, na Hadithi ya tatu ikapatikana, fupi, isiyo na madoido kama ile ya simu. Binti akainakili kwa mkono wake, na chini yake akaandika kitabu, juzuu, namba na ukurasa. Maalim akamruhusu kwenda na juzuu ile nyumbani. Mpaka tunaandika haya bado hajairudisha, na kila tukimkumbusha anasema kuna jambo jingine analitafuta humo.

Wallahu aalam.